Ndugu Yangu Hakufa kwa Homa

Kwetu Butembo mtu hazikwi kwa jembe tu. Kabla udongo haujamwangukia marehemu, mmoja wa ukoo husimama mbele ya watu wote na kusimulia alivyokufa: alianza kuumwa lini, alipelekwa wapi, alikunywa dawa gani, nani alikuwa amemshika mkono, alisema nini mwisho. Watu husikiliza kimya, hata walevi, hata wale waliofuata chakula cha matanga. Msimulizi akiruka mahali, utaona vichwa vinageukiana. Kifo kisichosimuliwa vizuri huwa kina mwenyewe aliyekileta, na mwenyewe hutafutwa. Mara nyingi hutafutwa jikoni.

Naanza na hilo kwa sababu wengi waliniambia, na wengine bado wananiambia, kwamba nilivuruga kanisa kwa ajili ya neno moja. Mwanamke mzima, fundi cherehani mwenye wateja wake, unajiingiza cachot, mahabusu ya askari, kwa ajili ya neno! Basi wasikilize kwanza neno lenyewe lilikuwa limekalia shingo ya nani.

Ilikuwa miaka ile ya uasi. Tulikuwa na wakubwa wapya waliojiita serikali kwa sababu walikuwa na mihuri na bunduki. Walipochoka kutoza ushuru barabarani, wakageukia vinywa vyetu. Redio ilitangaza kwamba makanisa yote, letu la Kikatoliki na ya Waprotestanti, yatumie kile walichokiita lugha ya amani. Mtu asiseme fulani ameuawa, aseme ametutoka. Asiseme vita, aseme matukio. Askari waliovuka mpaka, ambao tuliwaona kwa macho yetu wakipakia mbao zetu, waitwe marafiki. Na kila Jumamosi maombi ya waamini yaonyeshwe kwanza kwa kijana wa bureau, ofisi yao ya kukagua maneno, ayapitishe, ndipo yasomwe Jumapili.

Mwanzoni watu walicheka. Sokoni muuza nyanya mmoja alimwambia mteja kwamba nyanya zake hazijaoza, zimepata matukio tu. Mimi sikucheka. Nilikuwa msomaji wa maombi pale parokiani, kazi niliyopewa kwa sababu ya sauti yangu. Baba yangu marehemu alizoea kusema nilizaliwa nikibishana na mkunga. Kila Jumamosi kijana yule alikuja na kalamu yake akinifutia maneno, tena kijana mwenye adabu, akiniita mama. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Mtu anakuziba mdomo, halafu anakuomba umshukuru kwa kuwa kitambaa ni safi.

Mdogo wangu alikuwa akisukuma baiskeli kwenda Manguredjipa. Alishuka na chumvi na sabuni, akapanda na mafuta ya mawese, bidoni zimefungwa pande zote mpaka baiskeli yenyewe huioni. Kazi ya wanaume wengi wa mtaa wetu. Alikuwa mtu wa mzaha, mwenye nguvu, asiyejua kuumwa. Mke wake alikuwa mtu wa Beni, wa upande wa Mulekera, huko chini kwenye joto na kakao, na alipoletwa kwetu alitetemeka kwa baridi ya Butembo mwaka mzima. Nilimshonea koti kwa mabaki ya vitambaa vya wateja. Tangu hapo tukawa marafiki, na mtoto wao akajifunza kutembea akishikilia cherehani yangu.

Siku moja wenzake wa barabarani walimleta juu ya baiskeli ya mtu mwingine, amefunikwa kwa turubai la shitingi. Yake mwenyewe ilikuwa imebaki kwenye kizuizi cha barabarani. Askari waliitaka, yeye akakataa kuiachia, wakampiga risasi mbele ya wote. Waliniambia hayo kwa haraka, wamesimama mlangoni, kisha wakaondoka. Tukamwosha, mimi na baba mdogo. Niliona matundu mawili kifuani, madogo, na mgongoni mahali ambapo sitaki kupaeleza. Nikamvika suti yake ya harusi, ambayo mimi ndiye niliyeishona, na vifungo vikafunika yote.

Mama yetu alikuwa mashambani, upande wa Lubero. Kabla hajafika, mtu wa bureau alikuja na askari wake, akaamuru sanduku lipigwe misumari. Akamkalisha baba mdogo pembeni. Sikusikia waliyoongea, ila nilimwona baba mdogo akiitikia kwa kichwa tena na tena, kama mtoto aliyekosa. Nilipomuuliza, alinijibu bila kuniangalia:

"Weye unataka bamalize nyumba yote? Mi niko na batoto. Muache alale."

Makaburini alisimama yeye. Akasema mdogo wangu alirudi safari salama, akala kwake, akalala, akashikwa na homa ya ghafla, akatutoka. Maneno yote ya bureau, moja baada ya lingine, yamepangwa vizuri. Nikapiga kelele, "Uongo!" Baba mdogo akainua mkono, na waimbaji, ambao hawakuwa na kosa, wakadhani ni uchungu wa dada, wakaanza wimbo. Waliimba kwa nguvu sana. Hakuna aliyenisikia.

Sasa fikiri wewe mwenyewe, kama ni mtu wa kwetu. Mwanaume mwenye nguvu za ng'ombe. Anarudi safari, anakula kwake, analala, asubuhi ni maiti. Sanduku limepigiwa misumari, hata mama mzazi hakuruhusiwa kuona uso. Na mke ni mgeni, mtu wa chini. Utasikia nini? Masikio yote ya mtaa yalisikia kitu kimoja: sumu.

Hakuna aliyelitamka. Hilo nalo ni jambo la kwetu. Watu waliacha tu kula kwake. Jirani aliyezoea kuingia bila kubisha hodi kuomba chumvi, akaanza kukumbuka kwamba chumvi anayo. Matanga yalipoendelea, wifi alipika, akapakua, na sahani zikabaki palepale, nzi juu yake. Kwenye jumuiya yetu ya sala alipewa kiti cha mwisho. Mtu wa bureau alikuwa ametaka neno lisilomchoma yeyote. Likampata yule asiyekuwa na bunduki, likamchoma huyo.

Aliyeniumiza zaidi ni mama. Asubuhi moja wifi alimpelekea uji, amepiga magoti kama inavyompasa mkwe. Mama aliupokea kwa mikono miwili, akashukuru, akasubiri wifi ageuke, akaumwaga kwenye mizizi ya migomba. Wifi hakuwa amefika mbali. Alisikia uji ukimwagika, nami nilimwona akisimama, kisha akaendelea na njia yake.

Nilimfuata mama nikamweleza yote. Matundu mawili, baiskeli, kizuizi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema:

"Unamupenda ule mwanamuke, ni rafiki yako. Mais kama ni masasi ya askari njo ilimuua, juu ya nini baba yako mudogo hakusema mbele ya batu? Mbele ya sanduku? Neno ya kusemea mutu mu sikio, hiyo ni masengenyo."

Nilikasirika hadi nikalia, lakini mama hakuwa mjinga. Ndivyo alivyofundishwa, ndivyo nami nilivyofundishwa. Neno lililosemwa mbele ya maiti na mbele ya watu ndilo linalosimama. Likipingwa, lipingwe mbele ya watu walewale. Na maiti alikuwa ameshafukiwa. Palibaki mahali pamoja tu ambapo jina lake lingetajwa tena mbele ya mtaa mzima, nayo ni misa ya kuondoa matanga. Baba mdogo alikuwa ameshapanga kwamba misa ile ikiisha, wifi arudishwe kwao Mulekera, na mtoto abaki kwetu. Mtoto ni wa ukoo, alisema. Mama hakupinga. Wifi naye hakuniomba lolote. Alikaa kwenye kiti changu cha wateja, mtoto mgongoni, akaniuliza kama mtoto akiachishwa ziwa ghafla huumwa.

Nikashuka Beni siku iliyofuata kumwona mkubwa wa bureau. Watu wananicheka kwa hilo, kwamba niliomba ruhusa kwanza. Ndiyo, niliomba. Mlango unabishwa kabla ya kuvunjwa. Nilipanda lori la viazi, nikakaa juu ya magunia, vumbi likanipaka uso mpaka wifi mwenyewe asingenitambua. Beni ilikuwa na joto na askari kila kona. Nilinawa kwenye pipa la mama mmoja muuza mikate, nikavaa kitenge changu kizuri, nikaingia.

Mkubwa alikuwa mwalimu zamani, ametoka majimbo ya mbali, shati limepigwa pasi, msalaba umetundikwa ukutani nyuma yake. Hakuwa mtu mbaya wa kutazama. Alinipa kiti.

"Ikala, mama. Hakuna mutu anakataza kuomba. Tunakataza ile maneno ya kuchoma roho ya batu. Sema tu: ndugu yetu alitutoka. Ni politesse, ni adabu tu."

"Hapana kututoka," nikamwambia. "Balimutoa."

"Mama."

"Muke yake banamuita mulozi juu ya ile politesse yenu. Banataka kumunyanganya mutoto."

Alitazama mikono yake. Nadhani lilimgusa, na kwa sababu lilimgusa akakasirika.

"Mungu iko anajua namna alikufa," akasema. "Donc juu ya nini kumuambia tena na mikro?"

"Mungu anajua. Bajirani yangu njo habajui."

Akaanza kunieleza habari za utulivu, za roho za watu, za kidonda kisichopaswa kuchokonolewa. Alieleza vizuri, kama mwalimu. Nilitazama ule msalaba juu ya kichwa chake, na yule aliyepigwa misumari.

"Monsieur," nikasema, "kila Jumapili mu kanisa, mi na weye, tunasema kwa sauti Bwana alikufa namna gani. Tunataja mpaka ule liwali alitoa hukumu. Miaka elfu mbili, hakuna mutu aliomba radhi kwa liwali. Sasa tubadilishe? Tuseme Bwana Yesu alishikwa na homa ya gafula, siku ya Ijumaa?"

Kijana aliyekuwa mlangoni alikohoa ili asicheke. Mkubwa hakucheka. Alisimama, akanifungulia mlango mwenyewe, kwa adabu zake zilezile.

"Fanya angalisho, mama," akasema. "Nitapanda Butembo ile Jumapili. Niko mukristu, nitaomba pamoja na nyinyi."

Nikarudi juu ya magunia matupu. Njia nzima nilikuwa nikiogopa, sitaki kudanganya. Kila lori lilipopunguza mwendo karibu na askari, nilijilaza juu ya magunia. Lakini kulikuwa na kitu kingine pamoja na woga, na sijui jina lake zuri. Labda ni kichwa kigumu tu. Niliona kwamba watu hawa walitaka hata Mungu tumwendee kupitia ofisini kwao, nami nilikuwa nimeshabatizwa kabla hawajaja, na ningekufa wakiwa wameshaondoka.

Jumamosi nilimpelekea kijana maombi manne. Kwa ajili ya Kanisa, kwa ajili ya wagonjwa, kwa ajili ya mvua, kwa ajili ya ndugu yetu aliyetutoka. Akayasoma, akatabasamu, akapitisha. Kisha nikaenda kwa padre, mzee aliyekuwa ametubatiza sote na kuwazika wazee wetu, nikamwambia wazi nitakalofanya, asije akasema nilimtega. Alivuta uzi uliokuwa umening'inia kwenye mkono wa kanzu yake.

"Mahubiri ni yangu," akasema mwishowe. "Mimi yangu nimezuiwa, na nimekubali, Mungu ananiona. Maombi ya waamini ni ya waamini. Sitazima mikrofoni."

Jumapili kanisa lilijaa. Mama alikaa mbele pamoja na baba mdogo. Wifi alikaa nyuma kabisa kwenye benchi za akina mama, mtoto mgongoni, na pande zake zote mbili kulikuwa na nafasi tupu, kanisa lililojaa vile. Mkubwa wa Beni alikuwa upande wa wanaume, shati jeupe, na askari wake wamesimama mlangoni.

Nilisoma kwa ajili ya Kanisa. Nikasoma kwa ajili ya wagonjwa na mvua, na watu wakaitikia kama kawaida, wengine wakipiga miayo. Kisha nikaikunja karatasi. Nikataja jina la mdogo wangu, lile la ubatizo na lile la nyumbani, nikasema:

"Tumwombee ndugu yetu, ambaye hakufa kwa homa. Askari walimpiga risasi mbili kifuani kwenye njia ya Manguredjipa, kwa sababu ya baiskeli yake. Mimi nilimwosha. Baba mdogo alimwosha. Hakurudi nyumbani kwake, hakula kwake, na chakula cha mke wake hakikumwua mtu yeyote. Ee Bwana, wahukumu waliomuua, na utuhukumu sisi tuliomtupia mjane kifo hicho. Tuombe."

Hapo ndipo waamini huitikia: Ee Bwana, utusikie. Hakuna aliyeitikia. Nilisikia jenereta nje, na mtoto mmoja akiomba maji. Niliona askari mmoja akimtazama mkubwa wake, na mkubwa akitazama sakafu. Mama alikuwa amegeuka, si kwangu, bali kwa baba mdogo. Alimtazama tu. Baba mdogo alikuwa ameshika kofia yake magotini, akaitazama kofia hiyo kana kwamba amepewa leo, na machozi yakaanguka juu yake. Mama hakuhitaji jibu jingine.

Ndipo sauti ikatoka nyuma. Ilikuwa ya wifi, nyembamba, na lafudhi yake ya Beni: Ee Bwana, utusikie. Halafu yule jirani wa chumvi. Halafu benchi za akina mama zote, halafu wanaume, na mara ya mwisho walipaza sauti mpaka mabati yakajibu. Padre alisubiri waishe. Akaendelea na misa, uso umemlowa, wala hakujifuta.

Walinikamata mlangoni, watu wakiwa bado wanatoka. Nilikataa kushikwa mkono. Nikatembea mwenyewe mbele yao, kitenge changu kizuri na viatu vya kanisani, mtaa mzima ukiona. Kama ni aibu, haikuwa yangu.

Cachot ilikuwa chumba cha saruji chenye harufu ya mkojo, ndani mna wanawake wengine wawili waliokosa pesa za ushuru. Mkubwa alikuja kabla hajarudi Beni, akasimama ng'ambo ya nondo.

"Sema tu ulikosea, ni uchungu ilikusemesha," akaniambia kwa upole. "Unarudi kwako leo."

"Nilikosea wapi? Ni masasi tatu?"

Akaondoka. Baadaye nilisikia kwamba aliugua tumbo njiani. Sikumwombea mabaya, ila sikumwombea mazuri pia; nilikuwa na maombi mengine.

Kule cachot serikali haikupi chakula. Unakula ukipelekewa, na askari wa mlango wana sheria yao: aliyeleta chakula aonje kwanza mbele yao, wasije wakasingiziwa kwamba mfungwa amekufa mikononi mwao kwa sumu. Kesho yake asubuhi nilisikia vishindo vya viatu vya plastiki, nikamwona mama uwanjani. Amebeba sufuria kichwani, imefungwa kwa kitambaa nilichokifahamu, cha maua mekundu, mabaki ya lile koti. Ilikuwa sufuria ya wifi. Wifi mwenyewe alikuwa hatua chache nyuma, mtoto mgongoni, hakuthubutu kusogea.

Askari, kijana wa Kilingala, alimzuia kwa mtutu. "Mama, meka liboso. Onja kwanza."

Mama alitua sufuria chini, akafungua. Bugali na sombe ya majani ya muhogo, bado vinatoa moshi. Alimega tonge, akalichovya, akalitia mdomoni. Akatafuna polepole, akimtazama wifi, akameza. Akamega tena. Akamega la tatu, kubwa kuliko mengine.

"Mama, inatosha," askari akasema. "Hiyo ni ya mufungwa."

"Hapana," mama akajibu, mdomo umejaa, machozi yakimshuka. "Acha nikule. Niko na njaa tangu matanga."